Barafu Itulize Maumivu, Isiunguze Ngozi

Katika mashamba ya mpunga ya Bonde la Kilombero, na katika barabara za Ifakara zenye pikipiki nyingi, kuteguka kifundo cha mguu au goti ni jambo la kawaida. Wengi hukimbilia barafu, ama ya friza ya jirani ama ya wauza samaki sokoni. Barafu hutuliza maumivu, hasa katika siku 2 au 3 za mwanzo. Lakini haiungi mfupa, wala haichukui nafasi ya mazoezi yanayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Ikitumiwa vibaya, huunguza ngozi kama moto.

Namna ya kuitumia
Ifunge katika kitambaa chenye unyevu. Isiguse ngozi tupu. Iweke kwa dakika 10 hadi 15, wala usizidishe 20, kisha subiri angalau saa 2 kabla ya kurudia. Kagua ngozi kila baada ya dakika 5. Ikipauka, ikiwa ya kijivu au ikitoa malengelenge, ondoa barafu mara moja. Usilale nayo.

Unaponunua
Barafu inayoyeyuka huwa na nyuzijoto 0. Mfuko wa jeli uliotoka kwenye friza waweza kufikia nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo huhitaji kitambaa kizito zaidi. Hakikisha mfuko haujatoboka, soma maelekezo yake, na udai risiti. Barafu ya kuhifadhia samaki isiguse kidonda wala isitiwe katika kinywaji.

Wanaopaswa kupata ushauri kwanza
Mlinzi wa mtumiaji ni hisia ya ngozi yake. Mwenye ganzi kwa sababu ya kisukari, kiharusi au ukoma, ugonjwa ambao Ifakara imewahudumia wagonjwa wake kwa miaka mingi, huweza kuungua bila kuhisi. Kwa mwenye selimundu, baridi huweza kuchochea maumivu makali. Watu hawa wasitumie barafu kabla ya kumwona mtaalamu wa afya.

Aliyeumwa na nyoka shambani asiwekewe barafu kabisa. Atulizwe, asitembezwe, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo, kiungo kilichopinda au mguu usioweza kubeba uzito wa mwili huhitaji uchunguzi wa hospitali. Maumivu yaliyotulizwa na barafu si ushahidi kwamba mfupa ni mzima.