Jicho la Mkata Mkonge

Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mkali kama sindano. Mkataji akiinama vibaya, jicho limechomwa. Basi hufunga kitambaa na kurudi kwao Handeni, wazee wamtilie dawa ya majani. Mwezi ukipita jicho limekufa, na huko shambani Korogwe hapana hata neno moja lililoandikwa.

Ndugu msomaji, siku hiyo hiyo mwambie mnyapara, hata kwa mdomo, wenzako wakisikia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yamtaka mwajiri apeleke habari kwa Mfuko wa Fidia (WCF) katika siku 7. Lakini miezi 12 ikipita pasipo taarifa, haki imepotea.

Wengi hunyamaza wakiogopa kwamba bwana shamba atatoa fedha mfukoni mwake, kisha awafukuze. Kwa sheria ya kale mzigo ulikuwa wake kweli. Tangu 2015 waajiri huchangia Mfuko, wala mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Matibabu hulipwa, na asiyeweza kazi kwa muda hupata asilimia 70 ya mshahara.

Kina mama, nanyi mna kazi. Cheti cha daktari kiwekwe sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo, kisifungiwe tumbaku! Kibarua naye asidhani sheria haimhusu. Kama hana karatasi, ayaandike majina ya wenzake waliokata mstari mmoja naye, maana hao ndio watakaoulizwa.