Programu Mpya na Daftari la Mayatima

Ndugu yetu mmoja, fundi wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Mpanda, ana desturi njema: kila programu mpya huijaribu kwanza kwenye mashine kuukuu kabla ya kuwafikishia wanafunzi. Juzi, baada ya swala ya Isha, alituletea LibreOffice, ambayo watungaji wake wameruhusu inakiliwe bure. Asili yake ni OpenOffice, ile iliyovikwa Kiswahili na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.

Kompyuta ya kamati ilikuwa ikitumia nakala isiyo halali ya programu ya kulipiwa. Nakiri, mimi katibu sikuwahi kuuliza haki ya walioitunga.

Nikaanza kunakili posho za mayatima kutoka daftarini. Niliandika 5/8, ikasomeka Mei 8, kwa mpangilio wa Kimarekani unaotanguliza mwezi. Mjane aliyepokea Agosti akaonekana alipokea Mei! Tulirekebisha mpangilio, tukalinganisha mstari kwa mstari hadi saa tano usiku.

Asubuhi niliifuta ile nakala. Daftari bado limo kabatini, chini ya kufuli.