Siagi ya viungo

Siagi ya viungo (kwa Kiitalia: burro aromatizzato, kwa Kifaransa: beurre composé) ni siagi ya maziwa iliyolainishwa bila kuyeyushwa, ikachanganywa na vitu vya kuipa ladha kama vile majani ya kunukia, kitunguu saumu, ganda la limau, jibini au samaki wa chumvi, kisha ikagandishwa tena. Katika mapishi ya Italia hutumika hasa mwishoni: kipande kidogo huwekwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva, au hukorogwa ndani yake baada ya sufuria kuondolewa motoni.

Siagi katika mapishi ya Italia

Watu wengi hudhani kwamba Waitalia hupikia mafuta ya zeituni tu. Ukweli hutegemea eneo. Kusini, ambako mizeituni hustawi, mafuta ya zeituni ndiyo ya msingi. Kaskazini, katika bonde la mto Po na kwenye malisho ya milima ya Alpi, kuna ng'ombe wengi wa maziwa. Kwa sababu hiyo siagi imetumika sana tangu zamani katika mikoa kama Lombardia, Piemonte na Valle d'Aosta.

Mfano mzuri ni risoto, yaani wali unaopikwa kwa kuongezewa supu kidogokidogo hadi uwe na urojo. Mpishi huondoa sufuria motoni, hutia siagi baridi na jibini iliyokwaruzwa, kisha hukoroga kwa nguvu. Kitendo hicho huitwa mantecatura. Mpishi akitumia siagi ya viungo, huongeza urojo na harufu kwa mara moja.

Kwa nini huongezwa mwishoni

Siagi si mafuta matupu. Kwa kawaida mafuta ni 80% au zaidi, maji ni kama 16%, na sehemu ndogo inayobaki ni protini, sukari na madini ya maziwa. Siagi baridi ikikorogwa ndani ya majimaji ya moto yenye wanga, kama maji yaliyochemshia tambi, mafuta yake hugawanyika kuwa matone madogo sana. Wanga na protini huyazuia matone hayo yasiungane. Matokeo yake ni mchuzi laini unaong'aa na kushika chakula. Mchuzi huo ukichemka kwa nguvu, matone huungana, mafuta hupanda juu na urojo hupotea.

Sababu ya pili ni harufu. Harufu ya majani na ya ganda la limau hutokana na mafuta mepesi ambayo hupotea hewani yakipata joto kwa muda mrefu.

Sababu ya tatu ni kuungua. Kwenye joto la 150 °C hivi, protini na sukari za siagi huanza kuungua, na kitunguu saumu kilichomo huwa kichungu. Hivyo siagi ya viungo haifai kukaangia.

Samli haiwezi kuchukua nafasi yake katika kazi hii, kwa sababu maji na protini vimekwisha kuondolewa. Majarini, ambayo watu wengi wa Kenya na Tanzania huiita pia siagi, hutengenezwa hasa kwa mafuta ya mimea na haina ladha ileile. Inafaa kusoma maandishi ya kopo kabla ya kununua.

Namna ya kutengeneza

Mchanganyiko ufuatao unafuata gremolata, viungo ambavyo watu wa Milano hunyunyizia ossobuco, yaani vipande vya muundi wa ndama vilivyopikwa polepole. Paseli ni mmea wa jamii moja na giligilani, lakini ladha zao ni tofauti.

Mahitaji:
- siagi isiyo na chumvi, gramu 100
- majani ya paseli yaliyokatwakatwa, vijiko vikubwa 2
- kitunguu saumu, punje 1
- ganda la limau 1
- chumvi, robo ya kijiko cha chai

Hatua:
1. Acha siagi nje ya friji hadi kidole kiweze kuibonyeza kwa urahisi. Isiyeyushwe, kwa maana mafuta na maji vikitengana, siagi ikiganda tena huwa na chengachenga.
2. Osha majani na uyakaushe kabisa kwa kitambaa safi. Maji ya ziada hayashikamani na siagi, tena huifanya iharibike upesi.
3. Ponda kitunguu saumu pamoja na chumvi hadi kiwe rojo. Kwaruza sehemu ya njano tu ya ganda la limau. Ile nyeupe ni chungu.
4. Changanya vyote kwa uma au mwiko, kisha onja.
5. Weka juu ya karatasi ya kuokea, viringisha iwe kama soseji nene, funga ncha zote mbili na uweke kwenye friji kwa saa 2 hivi.

Kipande cha gramu 10 hadi 15 hutosha sahani moja.

Aina nyingine

- Ya rehani na jibini ya Parmigiano Reggiano: kwa tambi na supu ya mboga.
- Ya acciughe, dagaa wa baharini waliohifadhiwa kwa chumvi: kwa spageti, samaki wa kuchoma au mkate. Chumvi nyingine haihitajiki.
- Ya majani ya seji: kwa ravioli na maboga.
- Ya zafarani: kwa risoto. Nyuzi za zafarani hulowekwa kwanza katika kijiko kidogo cha maji ya moto, kwa kuwa rangi yake huyeyuka katika maji na si katika mafuta.

Uhifadhi na usalama

Kitunguu saumu kibichi na majani mabichi vinaweza kubeba spora za bakteria Clostridium botulinum waishio udongoni. Ndani ya mafuta hewa haifiki. Chakula kikikaa humo katika joto la kawaida, spora zinaweza kuota na kutoa sumu inayopooza misuli, hata ile ya kupumulia. Ugonjwa huo huitwa botulizimu na unaweza kuua. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuonekana na kunukia vizuri tu.

Kwa hiyo siagi ya kitunguu saumu haiachwi mezani baada ya mlo. Huwekwa kwenye friji, chini ya 5 °C, na kutumiwa ndani ya wiki moja. Kwenye friza, katika -18 °C, hukaa vizuri kwa miezi 3 hivi. Ni bora kuikata vipande kabla ya kuigandisha ili kitolewe kinachohitajika tu. Ifungwe vizuri, kwa sababu siagi hunyonya harufu za vyakula vingine.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi na siagi hiyo ikalainika, itupwe. Mahali pasipo na friji, tengeneza kiasi cha mlo mmoja tu na kitumike chote siku hiyohiyo.