Mvua ya Kulaza Vumbi: Bustani ya Mboga Kati ya Oktoba na Desemba

Leo nazungumza hasa na ninyi wenye vibustani vya mboga huku juu Mbinga, na ninyi wa kule chini kando ya Ziwa Nyasa, Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay. Habari yenyewe ni ya yale majuma ya ugeugeu, toka mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Desemba. Asubuhi jua kali, alasiri wingu jeusi, usiku ngurumo, na keshokutwa vumbi tena. Mkulima anasimama na keni mkono mmoja na jembe mkono wa pili, hajui amwagilie maji au achimbe mfereji.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipangiwa kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Kijiji kilikuwa kimegawa eneo la bondeni kwa vipande, na watu kumi na wanne walikuwa na vibustani pale. Walisia mbegu za nyanya na kabichi kwa pamoja, miche ikastawi vizuri. Katikati ya Novemba mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Nami, kijana mwenye cheti kipya mfukoni, nikawaambia: "Haya, ndugu zangu, mvua imekuja. Tuhamishe miche yote."

Bibi mmoja akanitazama, akasema, "Mwanangu bwana shamba, hii ni mvua ya kulaza vumbi tu." Nikamwamkia kwa heshima, lakini maneno yake sikuyashika. Wenzake wakanifuata mimi. Yeye akahamisha nusu, nusu akaiacha kitaluni. Jua likawaka siku kumi na mbili. Kisima cha bondeni kilikuwa karibu kukauka, maji hayakutosha watu wote. Miche mingi ikafa imesimama. Wale wakulima walikuwa wanategemea nyanya hizo kwa sare na madaftari ya watoto mwezi wa Januari. Bibi yule ndiye aliyewagawia wenzake miche iliyobaki, na mimi nilipewa ndoo nikasaidie kumwagilia. Tangu siku ile najua jambo moja, nalo ndilo somo la leo: wakati wa ugeugeu, usiweke miche yako yote mahali pamoja kwa siku moja.

Kwa nini mvua ya kwanza inadanganya?

Mkoa wetu wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua. Kwa kawaida unaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mvua ya kweli huletwa na ukanda wa mawingu unaolifuata jua linapokwenda kusini. Ukanda huo ukishafika, mvua inakaa. Lakini kabla haujafika, joto la Oktoba na Novemba huinua hewa yenye unyevu, mawingu yanajikusanya alasiri, yanamwaga maji kijiji kimoja na kijiji cha jirani hakipati hata tone. Mvua ya namna hiyo inalowesha udongo wa juu tu. Chini bado ni pakavu, na jua la siku mbili tatu linakausha hata huo wa juu.

Basi usihesabu ngurumo, pima udongo. Siku ya pili baada ya mvua, chimba shimo dogo bustanini lenye kina cha shubiri moja, yaani kama sentimita 20. Chota udongo wa chini ya shimo, ufinye mkononi. Ukishikamana, maji yamefika kwenye mizizi. Ukimomonyoka kama unga, hiyo ni mvua ya kulaza vumbi. Wenye mchanga wa ziwani wasitegemee kufinya, kwa kuwa mchanga haushikamani vizuri. Ninyi angalieni rangi na ubaridi wake.

Mlimani na ziwani si sawa

Kutoka Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay ni chini ya kilomita 70, lakini hali ya hewa ni mbili. Ziwa liko kwenye mwinuko wa takriban mita 470 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inapita mita 1,300, na mingine inakaribia 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Kwa hiyo ushauri wa shangazi yako aliye Liuli unaweza kukuharibia bustani yako Mbinga, ingawa kwake ni ushauri mzuri.

Huku juu udongo mwekundu unashika maji, lakini mvua kubwa ikipiga na jua likafuata, unafanya gamba gumu ambalo mche mchanga hauwezi kulipasua. Tena kuna ubaridi na ukungu, na mara nyingine mvua ya mawe. Kule chini maji yanazama upesi mchangani, na joto kali hudondosha maua ya nyanya. Mtu wa ziwani, majuma haya weka nguvu zako kwenye bamia, ngogwe, matembele na mchicha. Nyanya zipe kivuli chepesi wakati wa mchana.

Jambo jingine kwa watu wa ziwani na wa kandokando ya mito: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingoni. Msiibomoe kingo kwa kufuata unyevu. Ukingo ukibomoka, mvua kubwa inachukua ukingo na bustani pamoja.

Mafungu matatu

Sasa utaniuliza, "Bwana shamba, nifanyeje basi?" Gawanya mbegu zako mafungu matatu. Sia fungu la kwanza, baada ya siku kumi sia la pili, baada ya siku kumi nyingine sia la tatu. Nyanya huwa tayari kuhamishwa majuma manne hadi sita toka kusia, kabichi majuma manne au matano. Fungu la kwanza likipigwa na jua, la pili linakua. La pili likipigwa na mvua ya mawe, la tatu lipo. Fikiria mtu aliyepoteza miche yote katikati ya Novemba. Akianza upya, atahamisha miche karibu na Krismasi, na nyanya zake zitakua katikati ya mvua nzito, wakati wa magonjwa.

Kitalu kiwe na upana wa mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga. Chora mistari iachane sentimita 10 hadi 15, mbegu ziingie kama sentimita moja tu. Jenga kichanja cha nyasi, kimo cha mita moja hivi. Kichanja kinakinga jua na kinapunguza nguvu ya matone. Lakini nyasi zisiwe nzito mno. Kivuli kingi na maji mengi huleta kinyausi: miche inalegea shingoni, inaanguka kama iliyokatwa. Ukikiona, ng'oa iliyougua, punguza maji, punguza msongamano, hewa ipite.

Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, ondoa nyasi za kichanja kidogo kidogo na punguza maji, ili miche ikomae. Mche uliolelewa kivulini ukitolewa ghafula juani huungua. Hamisha jioni, au siku ya mawingu. Mvua ikichelewa na nyanya zikawa ndefu kitaluni, usizitupe. Ondoa majani ya chini, uzipande kwa kina, maana shina la nyanya lililofukiwa huotesha mizizi. Kabichi usiifukie hivyo. Kitovu chake kikizibwa na udongo, haifungi.

Kifereji chenye mlango

Sote tunaijua ngoro ya Wamatengo. Majani hukatwa na kupangwa miraba, udongo hufukiwa juu yake, katikati hubaki shimo. Mvua ikija kwa nguvu, maji yanaingia mashimoni badala ya kuporomoka na udongo wa mlimani, na majani yale huoza yakawa mbolea. Wazee wale walitatua tatizo letu zamani: maji yawekwe yakihitajika, yasiruhusiwe kuharibu.

Kwenye bustani ya mboga chukua akili hiyo hiyo. Inua matuta kama sentimita 20, na kati ya tuta na tuta weka kifereji. Mwisho wa kila kifereji acha mlango, na uuzibe kwa bonge la udongo. Jua likiwaka, mlango ubaki umefungwa, kila tone lizame. Mvua ikikaa siku nyingi, ondoa bonge, maji yatoke polepole kwenye majani, yasisimame kwenye mizizi. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na mtoto anaweza kuifanya.

Juu ya tuta tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina. Matandazo yanazuia jua kukausha udongo na mvua kuurushia majani ya mboga. Usitumie majani yenye mbegu, utajipandia magugu. Wenye kahawa, maganda yake ni mali, lakini yaozeshwe kwanza pamoja na samadi na majani mpaka yawe meusi na yasiwe na joto. Maganda mabichi yanaunguza miche.

Siku ya jua na siku ya mvua

Siku za jua mwagilia asubuhi, kwenye shina, maji yazame chini. Afadhali kumwagilia vizuri kila baada ya siku mbili kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu maji kidogo huifundisha mizizi kukaa juu. Kwenye mchanga wa ziwani, au miche ikiwa bado michanga, mwagilia kila siku. Hatari kubwa ni kuacha udongo ukauke kabisa, halafu kuugharikisha. Hapo nyanya hupasuka na kuoza kitako, na kabichi iliyofunga hupasuka. Matandazo na mlango wa kifereji vinasaidia sana hapa.

Baada ya mvua usiingie bustanini majani yakiwa bado mabichi, maana mikono na nguo zako zitabeba ugonjwa mche hadi mche. Ngoja yakauke, kisha pita na jembe dogo uvunje gamba la udongo. Tazama miche iliyokatwa chini: hapo kuna sota, fukua karibu na shina utamkuta amejikunja. Geuza majani ya kabichi utazame viwavi na vidukari. Huku mlimani, ukungu ukikaa siku mbili tatu, kagua nyanya kila asubuhi. Mabaka meusi yenye umajimaji kwenye majani na mashina ni bakajani chelewa, na ugonjwa huu unaweza kumaliza bustani kwa siku chache. Simika miti, funga nyanya, ondoa majani yanayogusa udongo. Yaliyougua yafukie mbali.

Ukihitaji dawa ya ukungu, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya nyanya, soma kipimo, na hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya kahawa iliyobaki stoo usiimwage kwenye mchicha. Mchicha unaliwa kesho, na anayeula ni mwanao.

Tena sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kabla ya msimu wetu hutolewa utabiri wa Novemba hadi Aprili, kisha taarifa za kila siku kumi. Utabiri hauwezi kutaja bustani yako kwa jina. Utakupa mwelekeo, na lile shimo la shubiri moja litakupa jibu la pale ulipo.

Kabla sijaaga, turudie mambo matatu. Pima udongo, usipime ngurumo. Sia na uhamishe kwa mafungu matatu. Funga mlango wa kifereji juani, fungua mvuani. Na ukiona bwana shamba kijana anawahimiza mhamishe miche yote kwa mvua ya siku mbili, mwambieni kwa upole mliyoyasikia leo. Hatakasirika akiwa na busara. Akikasirika, acheni nusu kitaluni hivyo hivyo.

Kwaherini, na bustani njema.