Uhai wa Marejeo katika Lugha ya Rust: Ufafanuzi kwa Mfano wa Ukodishaji wa Mashamba Kasokola

Katika lugha ya Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa Mei 2015, kila thamani ina mmiliki mmoja, nayo hufutwa katika kumbukumbu bloku ya mmiliki huyo inapokwisha, isipokuwa kama umiliki umekwisha kuhamishwa. Rejeo ni ruhusa ya kuitumia thamani bila kuimiliki. Uhai wa rejeo ni sehemu ya programu ambamo ruhusa hiyo ni halali, na sharti usizidi uhai wa thamani inayorejelewa. Katika lugha ya C sharti hili limeachiwa mwandishi wa programu. Akilisahau, programu husoma eneo ambalo huenda limekwisha kupewa data nyingine, na kosa hilo laweza kukaa kimya kwa miaka.

Ukodishaji wa mashamba katika kata ya Kasokola, wilayani Mpanda, unalifafanua jambo hili vizuri. Mtu aliyepewa shamba kwa misimu 3 hawezi kumkodisha mwenzake kwa misimu 5. Waandikiane watakavyo, hata mbele ya mashahidi, misimu 2 ya ziada haipo. Hapa ndipo wanaojifunza Rust hupotea kuhusu alama 'a: hudhani kwamba kuiandika kunarefusha uhai. Hairefushi chochote. Hutaja tu uhusiano uliopo ili kompaila iuhakiki.

Chukuliwe fanksheni inayopokea majina mawili ya wakulima kwa rejeo na kurudisha lililo refu zaidi. Kompaila inapokagua mahali fanksheni inapoitwa, hutazama saini yake pekee. Bila alama, haina namna ya kujua jibu limetoka katika jina lipi, hivyo hukataa. Saini ikiandikwa fn refu<'a>(x: &'a str, y: &'a str) -> &'a str, jibu huwa halali maadamu majina yote mawili yangali hai. Jina lenye uhai mfupi likifutwa, jibu halitumiki tena, hata kama kwa kweli lilitoka katika lile jingine. Ukali huu huwaudhi wengi, lakini ndio bei ya uhakika.

Tangu toleo la 1.31 la Desemba 2018, uhai wa rejeo huishia pale linapotumika mara ya mwisho, si lazima mwisho wa bloku.

Mfano wa shamba una mpaka wake. Mgogoro hufika Baraza la Ardhi la Kijiji baada ya mbegu kuwa ardhini. Kompaila hukataa kabla programu haijaendeshwa hata mara moja, na alama za uhai hazibaki katika programu iliyokamilika, hivyo hazipunguzi kasi yake.