An Elephant Named Joseph

An Elephant Named Joseph ni fumbo la programu za kompyuta lililotolewa tarehe 19 Desemba 2016 katika Advent of Code, mfululizo wa mafumbo ya msimu wa Krismasi ulioanzishwa na Mmarekani Eric Wastl mwaka 2015.

Jina la fumbo lina asili mbili. "Tembo mweupe" ni mchezo wa kunyang'anyana zawadi unaochezwa Marekani wakati wa Krismasi. "Joseph" ni Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi. Mwaka 67 BK, baada ya Warumi kuteka mji wa Yodfat, yeye na wenzake 40 walijificha pangoni wakakubaliana kuuana kwa kura. Josephus alibaki na mwenzake mmoja, kisha akajisalimisha.

Kanuni

Wasaidizi wa Santa Claus wameketi katika duara, kila mmoja na zawadi yake. Wa kwanza huchukua zawadi zote za jirani wa kushoto, na asiye na zawadi huondoka. Zamu huendelea hadi abaki mmoja. Wakiwa 5, wanaondoka wa 2, 4, 1 na 5; mshindi ni wa 3.

Ufumbuzi

Idadi ikiwa 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila mzunguko huondoa nusu kamili na zamu humrudia wa kwanza, hivyo yeye hushinda. Kwa idadi nyingine, hutolewa namba kubwa kabisa ya aina hiyo isiyozidi idadi. Baki huzidishwa kwa 2 na kuongezwa 1. Kwa watu 41: 41 − 32 = 9, na 9 × 2 + 1 = 19. Mshindi ni wa 19.

Sehemu ya pili

Hapa mchezaji humnyang'anya aliyeketi upande wa pili wa duara. Wakiwa wawili, humchagua wa kushoto. Wakiwa 5, hushinda wa 2.

Kumwondoa mtu katikati ya orodha ya kawaida hulazimu waliomfuata wasogezwe. Kwa watu milioni kadhaa, programu huchelewa mno. Njia nyepesi ni kugawa duara katika foleni mbili. Anayeondoka huwa mwanzoni mwa foleni ya pili. Aliyecheza huhamia mwisho wake, kisha foleni husawazishwa. Hivyo kila zamu huhitaji hatua chache tu, hata duara liwe kubwa kiasi gani.