Mkono Unaohesabu Maji

Kilichonipeleka Jambiani, mashariki ya Unguja, ni bei ya mwani. Habari ya bei niliiandika, ikachapishwa, ikapita kama zipitavyo habari za bei. Ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo ni mkono wa kushoto wa mama mmoja anayelima huo mwani.

Kijiji chote kinamwita Bi Mkubwa, nasi tubaki na jina hilo. Nilimuuliza kesho maji yatakupwa saa ngapi, nipate kushuka naye. Bahari hakuitazama, na simu ya mjukuu iliyokuwa mkekani hakuigusa. Alikunjua kiganja cha kushoto, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikaanza kutembea juu yake: pingili mbili za dole gumba, kisha ya kwanza ya kidole kinachofuata. Hapo kikasimama. "Saa sita na nusu hivi. Wewe njoo saa tano."

Jedwali la maji la bandarini lilipishana naye kwa dakika chache tu.

Nikamwomba anirudie polepole. "Mwezi ukiandama, au ukipevuka, ndiyo bamvua," alisema. "Maji hukauka saa nne na kidogo asubuhi. Hapo sihesabu, hapo najua. Kesho yake naanza dole gumba. Kila pingili, maji yanachelewa muda wa kubandika wali mpaka kuupalia."

Ni dakika ngapi hizo? Alinitazama kwa huruma.

"Inategemea kuni."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa na maana yake. Vitabu vinasema maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa sababu mwezi nao huchelewa kiasi hicho kurudi mahali pake angani. Lakini wastani ni wastani tu. Siku za bamvua, yakijaa na kukauka sana, maji huchelewa chini ya hapo, na yakishakuwa maji mafu, yasiyojaa wala kukauka sana, kuchelewa huko hupita saa nzima. Bi Mkubwa analijua hilo bila kitabu: pingili za dole gumba ni wali wa moto mkali, na akifika kidole cha kati ni wali wa kuni mbichi. Anaongeza mwenyewe, kwa kukadiria, na hakosei sana.

Sasa tazama mkono wako. Dole gumba lina pingili mbili, vidole vinne vina tatu tatu. Jumla 14. Kutoka mwezi kuandama hadi kupevuka ni siku 14 na robo tatu hivi. Katikati ya mkono, pingili ya saba, mwezi ni nusu, maji ni mafu, na kupwa kumesogea hadi saa kumi za jioni. Endelea mpaka mwisho wa kidole cha mwisho, na kule kupwa kulikokuwa kwa usiku kumeshaingia asubuhi: saa nne na kidogo, bamvua jipya. Bahari hupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo hesabu inajifunga yenyewe.

Inabaki ile robo tatu ya siku, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Mkono haufiki. "Nikimaliza kidole cha mwisho naacha siku moja bure," alisema. "Siihesabu. Mama alikuwa akiiita siku ya kupumzisha mkono." Nikapiga hesabu kwenye daftari. Mikono miwili na siku mbili za bure ni siku 30, na mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Anazidisha nusu siku. Nilipomwambia, alikubali mara moja: ndiyo sababu kila mwezi ukiandama anafuta yote na kuanza upya. "Nyinyi huko mjini mnabishana umeonekana haujaonekana, mpaka sikukuu zinakuwa mbili. Miye nashuka pwani natazama maji yamefika wapi."

Mwalimu wangu wa Jiografia alituchorea dunia, mwezi na jua kwa chaki, akatwambia mwezi huvuta maji. Tulinakili, tukafaulu. Hakuna aliyetwambia kwamba pwani yetu ina saa yake: kwamba katika Unguja bamvua hukauka asubuhi, mwezi baada ya mwezi, na kwamba Dar es Salaam na Mombasa hazipishani nasi sana. Ukienda pwani ya mbali saa hiyo ni nyingine, kwa vile umbo la pwani na kina cha bahari vina sauti katika jambo hili. Elimu ya Bi Mkubwa haisafiri, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Aliipata wapi? Kwa mama yake, ambaye hakulima mwani hata siku moja. Kilimo hicho kilianza kibiashara huku mashariki ya Unguja mwaka 1989. Kabla yake wanawake walishuka kuokota chaza na kuchokoa pweza, au kufukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani mpaka yalainike, wayaponde wapate usumba wa kusokotea kamba. "Shimo la makumbi ukilikosea maji, umebeba mzigo bure," alisema. "Mama hakunikalisha chini akanambia hiki hivi na hiki vile. Alinishika mkono tukienda, akawa ananibonyeza pingili. Leo hapa. Kesho hapa. Nami nikadhani ni mchezo."

Siku ile tulishuka saa tano. Maji yalikuwa kifundoni na bado yakirudi nyuma. Alikuwa na kamba mpya begani na taitai, nyuzi za kufungia mwani, kiunoni, na alipofika kwenye vigingi vyake aliinama na hakuinuka tena kwa muda mrefu, akifunga vipande vya mwani kimoja baada ya kingine huku akizungumza. Wakulima wengi wa mwani Zanzibar ni wanawake kama yeye. Siku za bamvua hufanya kazi namna hii, na maji yakiwa mafu hubaki juu wakianika na kutayarisha mbegu. Hata harusi, aliniambia, watu wenye akili huziweka siku za maji mafu.

Kisha akaniomba nitie mkono majini. Yalikuwa ya moto. Bamvua kukauka karibu na mchana, jambo lililowapa wanawake hawa muda wa kufanya kazi kwenye mwanga, ndilo pia linaloacha mwani kwenye maji mafupi chini ya jua kali. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, umekuwa ukifa sehemu nyingi za maji mafupi kadiri bahari inavyozidi joto. Aina nyingine, spinosamu, inavumilia zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Wataalamu wanashauri kuhamia kina kirefu, ambako hutegemei kupwa bali mashua na kujua kuogelea. Bi Mkubwa hajui kuogelea. "Huko mkono huu utanifaa nini?" aliuliza, na sikuwa na la kumjibu.

Mjukuu wake ana programu ya maji kwenye simu. Ni sahihi kuliko bibi, kwa dakika. Nilimuuliza kama anajua pingili. Akasema anajua bibi huhesabu, ila hajawahi kumuuliza anahesabu nini. Hakuna ugomvi kati yao. Bibi hajamwita, naye hajaenda. Na hesabu hii ni ya familia moja tu, au kila kijiji cha pwani kina mkono wake? Nani wa kwanza aliyegundua kwamba vidole vinakaribia kulingana na mwezi, akaona pia kwamba havifiki? Wenzake Bi Mkubwa niliowauliza kila mmoja alikuwa na njia yake, na mmoja alikataa kunionyesha.

Walimu wa Jiografia wa skuli za pwani, bamvua lijalo maji yatakauka saa nne na kidogo asubuhi, wakati wa masomo. Watoeni watoto darasani wakashuke na bibi zao, daftari mkononi.